Refa Anamzungumzia Jaworski

Maneno haya niliyasema Dar es Salaam siku ya kufunga kozi ya waamuzi wa mpira wa kikapu. Wenzangu wameniomba niyaandike. Nimeondoa vichekesho viwili ambavyo havikuchekesha, na nimeongeza tarehe zilizonitoka nilipokuwa nimesimama mbele ya watu.

Ndugu mgeni rasmi, makocha, waamuzi wenzangu mliochomwa na jua siku tano mfululizo, na ninyi vijana wa timu mliokuja leo kwa ajili ya pilau, msikatae, tunawajua: Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nimeambiwa nichague mchezaji mmoja ambaye mwamuzi anaweza kujifunza kitu kwake. Najua mlitegemea nimtaje Jordan, au Hasheem wetu. Mimi nimewaletea mtu aliyewapiga marefa. Naona mwenyekiti ananiangalia. Ndiyo, mzee, umesikia vizuri. Mwaka 1971, kwenye mechi ya ubingwa wa Ufilipino, mbele ya umati, yeye na mwenzake waliwashambulia waamuzi wawili kwa mikono yao. Mtu huyohuyo ndiye mchezaji aliyependwa kuliko wote katika nchi inayopenda kikapu kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga. Anaitwa Robert Jaworski. Kwao wanamwita Sonny, au Big J.

Nimjulie wapi mimi, mtoto wa Temeke? Nilimjulia Dubai. Nilikaa kule miaka minane, karani wa ghala. Wenzangu wengi ghalani walikuwa Wafilipino, na Ijumaa jioni, jua likishapungua makali, walikuwa wanasimamisha nguzo ya kikapu kwenye eneo la kuegesha magari, wanapiga mstari kwa chaki, wanacheza mpaka usiku. Mimi kucheza sikuweza. Urefu ninao, mnaniona, lakini mikono yangu na mpira hawajawahi kuelewana. Wakanipa filimbi. Ndiyo shule yangu ya uamuzi, waheshimiwa: kati ya Corolla na Hiace, wachezaji kumi wanakulalamikia kwa Kitagalog.

Palikuwa na mzee mmoja pale, dereva wa foklifti, tukimwita Kuya, yaani kaka mkubwa. Kila Ijumaa alivaa jezi moja iliyopauka, namba 7, namba ya Jaworski. Siku moja nilimwambia, Kuya, nunua jezi nyingine. Akaniangalia kama nimemtukania mama. Akanikalisha chini. Hadithi niliyoipata siku ile, na nyingine nyingi nilizozifuatilia mwenyewe baadaye, ndizo nitakazowapa.

Kwanza mjue nchi yenyewe. Wamarekani walipeleka kikapu Ufilipino mwanzoni mwa karne iliyopita, kupitia YMCA na shule, na mchezo ukaota kama mchicha. Mwaka 1936 Wafilipino walimaliza nafasi ya tano Olimpiki ya Berlin. Mwaka 1954 walichukua medali ya shaba ya ubingwa wa dunia kule Rio de Janeiro, wakiongozwa na Carlos Loyzaga. Shaba ya dunia! Watu wafupi kuliko sisi. Mpaka leo hakuna mtaa kule usio na kikapu: kimepigiliwa mnazini, kimefungwa kwenye nguzo ya umeme, wanacheza na kandambili. Mwaka 2023 walipokuwa wenyeji wa Kombe la Dunia, siku ya ufunguzi waliingia watazamaji 38,115 uwanjani. Haijapata kutokea katika historia ya Kombe la Dunia la kikapu.

Jaworski alizaliwa Baguio, kwenye milima ya Luzon, tarehe 8 Machi 1946. Baba yake alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Poland, ndipo lilipotoka jina hilo lisilo la Kifilipino. Mama yake alikuwa Milokano, kabila la kaskazini mwa Luzon. Alisoma Chuo Kikuu cha University of the East, chini ya kocha Baby Dalupan. Jina hilo la Dalupan liwekeni mfukoni, tutalitoa baadaye. Alikuwa mlinzi wa futi sita na inchi moja, ila alikuwa na kifua cha mbeba magunia, na aligombea ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, na majitu. Mwaka 1967 alikuwa kwenye timu iliyochukua ubingwa wa Asia mjini Seoul, mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Mexico. Hajafika miaka 23.

Sasa tufike kwenye mwaka 1971, maana najua mnaungoja.

Wakati ule ligi kubwa ya Ufilipino iliitwa MICAA, ligi ya makampuni, kwa jina ilikuwa ya ridhaa. Jaworski alichezea Meralco, timu ya kampuni ya umeme. Wapinzani walikuwa Crispa, timu ya kiwanda cha nguo, na kocha wao alikuwa yuleyule Dalupan aliyemlea. Katikati ya fainali, maamuzi yakawaudhi Meralco. Jaworski na mwenzake Alberto Reynoso wakawavamia waamuzi. Majina ya waamuzi wale ni Eriberto Cruz na Jose Obias. Nimeyaandika ubaoni pale nyuma yangu, na nitaomba yabaki mpaka nimalize. Jina la Jaworski kila Mfilipino analijua. Haya mawili ukiyatamka Manila leo, wengi watakuuliza ni akina nani.

Chama cha kikapu kikawafungia wote wawili maisha. Hasira hasara: Olimpiki ya Munich mwaka 1972 ikapita Jaworski akiwa nje, na kwa umri wake ule ingekuwa Olimpiki yake bora.

Maisha yale yalidumu muda gani? Kama miaka miwili. Mwaka 1973 Manila ilikuwa mwenyeji wa ubingwa wa Asia. Wakorea wakali, Ufilipino inataka kombe nyumbani, na mlinzi bora wa nchi yuko kifungoni. Adhabu ikafutwa. Ufilipino ikachukua ubingwa, Jaworski na Reynoso wakiwa ndani ya timu.

Makocha wanatabasamu, nawaona. Waamuzi hawatabasamu. Nilipolisikia hili kwa Kuya mara ya kwanza nilikasirika kama vile ni jana. Nilimwambia, kwa hiyo ninyi mliuza mashavu ya marefa wenu kwa kombe? Kuya akanijibu kwa kuinua mabega. Nyie mnaochekelea, subirini: na sisi tumewahi kufuta adhabu Alhamisi kwa sababu kuna mechi Jumamosi. Sitaji timu. Mnazijua.

Tuendelee.

Tarehe 9 Aprili 1975 ilianza PBA, ligi ya kwanza ya kulipwa barani Asia. Timu tisa, zote za makampuni. Kule timu haiitwi kwa mji. Inaitwa kwa bidhaa: sabuni, bia, simenti, magari. Jaworski alikuwa Toyota. Upande wa pili, tena, Crispa. Tena, Dalupan. Toyota na Crispa ziliigawa nchi. Kuya aliniambia kwao baba alikuwa Crispa na mama Toyota, na siku ya mechi chakula cha jioni kililiwa kimyakimya. Msimu wa kwanza Toyota walichukua makombe mawili kati ya matatu, Crispa la tatu. Mwaka 1976 Crispa wakabeba yote matatu.

Aprili 1977 timu hizo zikapigana. Baada ya mechi, wachezaji kwa wachezaji. Sasa kumbukeni ni Ufilipino ya Marcos, sheria ya kijeshi inatawala. Wanajeshi wakawachukua wachezaji wa pande zote mbili, wakawalaza Fort Bonifacio, kambi ileile walikofungiwa wapinzani wa kisiasa. Hebu fikirini: unamtia mtu kiwiko saa mbili usiku, saa sita mnagawana sakafu. Nimewahi kumwambia mwenyekiti wetu kwamba hiyo ndiyo adhabu ya maana kuliko faini zetu. Alinikatalia.

Mwaka 1978 Jaworski alitangazwa mchezaji bora wa msimu, mara moja tu katika maisha yake yote ya ligi. Lazima niseme hili kwa uaminifu, maana mapenzi hupofusha. Kwa takwimu, mkubwa wa zama zile ni mwenzake wa Toyota, Ramon Fernandez, mrefu, laini, mikono kama ya mpiga kinanda. Alikuwa mchezaji bora mara nne, na aliondoka na alama 18,996, ambazo hakuna aliyezifikia. Jaworski alikuwa mtu wa kugawa. Pasi zake za kufungisha zinahesabiwa 5,825. Mpira alimpa mwingine, mwingine akafunga, watu wakaimba jina la Jaworski. Ukiwa Fernandez, hilo linauma, tusidanganyane.

Mwaka 1984 Toyota ikavunjwa, timu ikauzwa. Wachezaji wakajikuta wanahamishwa pamoja na viti na mipira. Jaworski akagoma kuuzwa hivyo. Yeye na rafiki yake Francis Arnaiz wakajiunga na Gilbey's Gin. Fernandez alikwenda njia nyingine, na kati ya wale wawili pakaingia chuki. Miaka kumi katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo, kisha hata salamu hakuna.

Mwaka 1985 Gilbey's ikabadilishwa jina, ikaitwa Ginebra San Miguel, na Jaworski akawa kocha na mchezaji kwa pamoja. Ginebra ni pombe kali, na vijana wanaonicheka kwa kutamka "timu ya jin" nawaambia hamjakosea sana, maana lebo ya chupa ile ina picha ya Malaika Mikaeli akimkanyaga shetani, imechorwa na mchoraji wao mkubwa Fernando Amorsolo. Mimi simo kwenye pombe, lakini picha ni nzuri.

Kocha mchezaji! Makocha, hebu jiwekeni pale. Unapanga timu, unajiweka benchi, unaangalia saa, unajiambia: sasa niingie. Ana miaka 39. Na aliendelea hivyo mpaka miaka 50. Akisimama tu kutoka kwenye benchi kuvua koti la mazoezi, uwanja ulilipuka kabla hajagusa mpira.

Oktoba 1985 Ginebra walicheza na NCC. Hiyo ilikuwa timu ya taifa iliyojaa vijana, ikicheza kwa jina la kampuni ya simenti, chini ya kocha Mmarekani Ron Jacobs, ndani yumo Allan Caidic, yumo Samboy Lim, vijana wanaoruka kama panzi. Jeff Moore wa NCC akamtia Jaworski kiwiko cha mdomo. Mdomo ukapasuka. Akapelekwa hospitali, akashonwa nyuzi tisa. Ginebra huku nyuma wanazama. Robo ya nne mlango unafunguka, kocha amerudi, mdomo umefungwa bandeji. Wakiwa nyuma kwa alama nyingi, akavua koti, akaingia.

Kuya alipofika hapa alisimama, foklifti inaunguruma, akaniigiza. Alikuwa kijana mdogo siku hiyo, anasikiliza redioni kijijini kwao, na anasema mama yake, yule wa Toyota, alilia kabla Jaworski hajafanya lolote. NCC walichanganyikiwa. Vijana wale wenye vipaji walianza kupoteza mipira kana kwamba wameona mzimu. Ginebra wakashinda. Kuanzia usiku ule washabiki wa Ginebra wana msemo wao, kwamba hawa hawafi hata wakifa, na ndio wimbo wa timu mpaka leo.

Mwaka uliofuata wakapata kombe lao la kwanza, kwa msaada wa Wamarekani wawili, Billy Ray Bates aliyekuwa NBA zamani na timu ya Portland, na Michael Hackett, ambaye mwaka 1985 aliwahi kufunga alama 103 katika mechi moja. Mwaka 1988 wakachukua lingine, ligi ya wazawa watupu, wakimfunga Purefoods. Hayo napita haraka. Makombe ya Jaworski yanahesabika, wala siyo yaliyomfanya.

Angalieni jambo moja lakini. Timu ile ilibadilishwa jina kama nguo: Gilbey's, Ginebra, Añejo Rum, Tondeña, Gordon's Gin. Kila kampuni ikitaka kutangaza chupa mpya, timu inabatizwa upya. Sasa shabiki atashika nini? Alimshika mtu. Jaworski ndiye alikuwa timu. Ndiyo maana baadaye ikaitwa Barangay Ginebra. Barangay ni ngazi ya chini kabisa ya utawala kwao, ni sawa na mtaa wetu wenye mjumbe. Mtaa wa Ginebra. Madereva wa jeepney, daladala zao, wauza samaki, vibarua wa bandarini, wote walikuwa wakazi wake. Benchi lake Jaworski aliwajaza watu ambao timu nyingine ziliwaona wa kawaida, na akawachezesha. Walikuwemo pia watoto wawili wa Carlos Loyzaga, yule wa shaba ya Rio, Chito na Joey.

Sasa nafika mahali ambapo Kuya hakupapenda, na mimi ndipo ninapopenda kuliko pote.

Mwaka 1990, fainali ya kombe la kwanza la msimu. Timu wakati huo inaitwa Añejo Rum 65, wanacheza na Shell. Fainali ile ni ya mechi hadi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa. Mechi ya sita. Robo ya pili, Añejo wako nyuma, na wanaona waamuzi wanawaonea. Jaworski akaikusanya timu yake, wakatoka uwanjani. Hawakurudi. Shell wakapewa ushindi, na ubingwa wa kwanza katika historia yao.

Mmesikia? Wale wasiokufa hata wakifa, waliondoka kabla ya mapumziko.

Nilimuuliza Kuya: msemo wenu ulikuwa wapi siku ile? Alijibu kwamba waamuzi walikuwa wabaya. Inawezekana. Mimi ni mwamuzi, nimewahi kuwa mbaya. Nitawaambia sasa hivi ubaya wangu. Lakini tazameni mstari wenyewe: 1971 aligombana na filimbi kwa ngumi. 1990 aligombana na filimbi kwa miguu. Miaka kumi na tisa, na jambo moja tu ndilo bado linamshinda. Viwiko haviogopi, nyuzi tisa haziogopi, umri hauogopi. Anachoshindwa kuvumilia ni mtu mwenye jezi ya rangi nyingine kumwambia hapana.

Mwaka huohuo, na hili ndilo linalonifanya nisimtupe, wakamkabidhi timu ya taifa. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zilikuwa zimebadilika, wachezaji wa kulipwa wakaruhusiwa, na Ufilipino ikapeleka Michezo ya Asia ya Beijing kikosi chake cha kwanza cha wachezaji wa PBA. Kocha ni Jaworski. Ndani ya kikosi yumo Fernandez. Walifika fainali, wakafungwa na China, wakarudi na fedha.

Na mwaka 1991 ukaja. Fainali ya kwanza ya msimu, Ginebra na Shell, walewale. Shell wanaongoza mechi tatu kwa moja. Katika PBA hakuna timu iliyowahi kutoka kwenye shimo hilo. Ingekuwa rahisi kugomba tena. Ginebra wakashinda ya tano, wakashinda ya sita. Ya saba ikaenda mpaka mwisho kabisa, alama zimelingana, na Rudy Distrito, mmoja wa wale wa benchi, akaingia katikati ya mikono ya Shell, akaurusha mpira akianguka. Ukaingia. 104 kwa 102.

Kuya jezi yake namba 7 anaivaa kwa ajili ya 1985. Mimi ningeivaa kwa ajili ya 1991, kwa sababu ni mtu yuleyule, mpinzani yuleyule, fainali ileile, na safari hii alikaa.

Ya baadaye ni marefu, nayafupisha. Mwaka 1997 timu yake, ikiitwa Gordon's Gin, ilichukua kombe moja zaidi. Mwaka 1998 wananchi wakampeleka Seneti. Kule alikuwa mmoja wa maseneta kumi na moja waliopiga kura, Januari 2001, bahasha ya ushahidi dhidi ya Rais Estrada, katika kesi ya kumwondoa madarakani, isifunguliwe. Watu wakamiminika barabarani, rais akaondoka. Mwaka 2004 Jaworski aliomba tena kura, akakosa. Mtaa wa Ginebra unasamehe mengi, ila siyo yote. Mwaka 2012 jezi namba 7 ikastaafishwa, na Araneta Coliseum ilijaa.

Niliahidi kuwaambia ubaya wangu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, nina miaka miwili ya kuchezesha hapa. Mechi ya kawaida, uwanja wa sakafu ya saruji, watazamaji hawafiki mia. Nikampa kijana mmoja faulo yake ya tano, ile ya kumtoa mchezoni. Akanipiga ngumi ya shavu. Jino hili hapa si langu. Alifungiwa, adhabu ikaisha, tukapangwa tena mechi yao. Kabla ya mechi alikuja kunipa mkono, macho yake chini. Nikaupokea mkono mbele ya watu, tukapigiwa makofi. Na katika robo ya kwanza nikampa faulo mbili ambazo hazikuwepo.

Nilijua hazikuwepo. Alijua. Hakusema neno. Aliinua mkono juu, akarudi kukaba. Yule kijana yumo ukumbini leo, amemaliza kozi pamoja nanyi, na sitamtaja. Niliwahi kumwomba radhi pembeni. Leo nimeiomba hapa.

Basi nimalizie na jambo nililoliruka kwa makusudi. Juni 1989 PBA walifanya mechi yao ya kwanza ya nyota wote, wakongwe dhidi ya vijana. Kocha wa wakongwe, toeni jina mfukoni, Baby Dalupan. Timu moja wamewekwa Jaworski na Fernandez, ambao tangu 1984 hawasemezani. Mechi ikafika sekunde za mwisho, alama sare, 130 kwa 130. Dalupan akachora mchezo: Jaworski arushe mpira kutoka nje ya mstari, Fernandez apokee. Mzee yule alikuwa amemfundisha Jaworski chuoni, kisha amepambana naye miaka kadhaa akiwa Crispa. Alijua anachokifanya.

Jaworski akarusha. Fernandez akapokea, akamzunguka Benjie Paras, kijana bora wa wakati ule, akafunga. Wakashinda. Kamishna wa ligi akawaita wote wawili katikati ya uwanja, wakapeana mikono, na watu wazima wakalia viwanjani na majumbani. Kuya huwa anaisimulia ikiwa imekomea hapo.

Mimi huwa namrudisha nyuma kidogo. Waamuzi, mmejibu swali hili juzi kwenye mtihani, la kumi na nne. Mpira wa kurushwa kutoka pembeni, baada ya taimu auti, mchezaji anaupata wapi? Haokoti chini, hapewi na mwenzake. Kabla ya pasi ile, Jaworski alisimama nje ya mstari akiwa amenyoosha mikono, na mtu mwenye filimbi shingoni alikuwa amesimama mbele yake, hatua moja, na mpira.